Mlikula Nini Mwaka Ule?

Kwetu Nyarubungo, mkoani Kagera, mzazi akisema mwanawe yuko chuo kikuu, wanaomsikiliza humaliza safari wenyewe: mtoto kashafika. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu, mitihani ya darasani nimeimaliza, sapu sina, na bado sikuwa nimefika popote. Kilichonizuia kilikuwa kigumu hata kumweleza mama. Nilikuwa nimekosa mada.

Waliosoma historia wanajua ninachosema. Kozi nyingine unaingia darasani, unaandika anayosema mwalimu, unafanya mtihani, basi. Tasnifu haina darasa. Unatakiwa utoe swali kichwani mwako mwenyewe, swali ambalo hakuna aliyekutuma kuliuliza, ulifuatilie kwa miezi, kisha uliandikie kurasa nyingi peke yako, huku msimamizi wako akiwa na foleni ya wanafunzi wengine mlangoni. Usipoiwasilisha, huhitimu. Huwezi kuiwasilisha bila andiko la utafiti kupitishwa, na andiko halipitishwi bila mada. Tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita nilifundishwa kujibu. Kuuliza hakuna aliyenifundisha, na nadhani ndiyo maana wengi tulikwama hapohapo, hata wale waliokuwa wakituburuza kwa alama.

Baba alifariki nikiwa mwaka wa pili. Mkopo wangu wa Bodi ya Mikopo haukuwa wa asilimia mia, na boom, yaani pesa ya kujikimu, likitoka, sehemu yake kubwa ilikwenda nyumbani kwa wadogo zangu kabla sijanunua hata kalamu. Jirani na chuo, kama ilivyo jirani na vyuo vingi nchini, zilikuwepo steshenari zisizotoa kopi tu. Ukimwendea kijana wa kompyuta kwa adabu, anakufungulia faili: mada za elimu, za masoko, za jinsia, za mabadiliko ya tabianchi. Unachagua, unalipa, anakuandikia na andiko lenyewe, na ukiongeza kidogo anakuandikia tasnifu nzima mpaka shukrani kwa wazazi. Wapo wenzangu walionunua. Ningependa kusema kwamba mimi nilikataa kwa uadilifu. Ukweli ni kwamba sikuwa na hiyo pesa.

Mada yangu ya kwanza ilikuwa ile ambayo kila anayetoka pande zetu huambiwa aiandike: wakimbizi. Taja Ngara mbele ya mgeni, naye atakutajia kambi ya Benaco. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na mahali palipokuwa pori pakawa na watu wengi kuliko miji yetu mingi. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Warundi wakabaki kambi ya Lukole kwa miaka mingi baadaye. Nilikua nikisikia habari hizo, na nikiona mabasi yakisindikizwa na polisi wenye bunduki kupita mapori ya Biharamulo kwa sababu ya majambazi. Nilidhani nimeshika dhahabu.

Msimamizi wangu alikisoma kichwa cha mada akanirudishia karatasi palepale.

"Hii ni habari ya nchi tatu," alisema. "Wewe una miezi michache na nauli ya kwenda tu. Halafu wameshaandika. Beth Whitaker ameandika juu ya wenyeji waliowapokea hao wakimbizi. Simon Turner alikaa Lukole akatoa kitabu kizima. Wewe utamwongezea nini Turner?"

Sikuwa na cha kumwongezea Turner. Akaniambia nipunguze. Nikapunguza: kutoka mkoa hadi wilaya, kutoka wilaya hadi kata, kutoka miaka kumi hadi miwili. Kila nilipomrudishia, naye alirudisha. Swali lilibaki lilelile, limevaa tu nguo fupi zaidi.

Boom la mwisho lilipokwisha nikapanda basi kurudi nyumbani, maana nyumbani angalau chakula hakilipiwi. Ni safari ya kuvuka nchi: Dodoma, Singida, Kahama, mpaka Nyakanazi pale njia zinapogawana, moja ikishika Kibondo na Kigoma, nyingine ikipandisha kwetu. Njiani niliandika mada ya pili nyuma ya tiketi. Ningeuliza watu wa Nyarubungo walitoka wapi. Kwa kweli ilikuwa mada nzuri, na mpaka leo naamini hivyo. Kijiji chetu kina Washubi na Wahangaza, kina Wasukuma waliofuata malisho, kina watu ambao babu zao walitoka ng'ambo ya mpaka wakati mpaka wenyewe ulikuwa mstari kwenye ramani ya Mjerumani. Usingehitaji kitabu, ungehitaji kukaa na wazee.

Lakini utafiti una barua zake. Kibali huanzia chuoni, kikaenda mkoani Bukoba kwa Katibu Tawala, kikashuka wilayani, kikaenda kwa mtendaji wa kata, kikaishia kwa mtendaji wa kijiji, na kila ofisi inagonga muhuri wake. Nilikopa nauli ya Bukoba kwa mjomba. Niliporudi, karatasi yangu ilikuwa na mihuri mingi kuliko maneno, nami nikaona fahari. Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba nikiuliza: babu, ulizaliwa wapi? Na baba yako je?

Mzee mmoja, jirani yetu aliyewahi kunibeba mgongoni nikiumwa, aliisoma barua mpaka mwisho. Akaikunja taratibu. "Mwanangu," akasema, "mimi nimezaliwa hapahapa. Baba yangu kazaliwa hapahapa. Andika hivyo."

Nilijua si kweli, na alijua kwamba najua. Hadithi ya baba yake kuvuka mto alinisimulia yeye mwenyewe nikiwa darasa la tano. Niliandika alivyosema. Nyumba iliyofuata nikapewa jibu lilelile, na iliyofuata tena, kwa maneno yaleyale, kana kwamba kijiji kizima kilikutana usiku kupanga.

Hakikukutana. Haikuhitajika. Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani mkoani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili wawe wameondoka, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka au waliondolewa, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wameishi nchini miongo mizima, wameoa, wamezaa, wamezika. Mimi nilikuja na swali langu miaka michache tu baadaye, nikiwa nimebeba karatasi yenye mihuri ya mkoa na wilaya, nikiuliza mtu kazaliwa wapi. Hata kama ni binti wa jirani, ungemjibu nini? Fomu za ridhaa walisaini wote. Mazungumzo hawakunipa.

Msimamizi aliniandikia kwamba nisipotuma andiko kabla ya tarehe waliyopanga, nianze kuandaa barua ya kuahirisha mwaka. Kuahirisha maana yake ada nyingine, chumba kingine, na mdogo wangu aliyekuwa anasubiri zamu yake ya kuingia kidato cha tano angeendelea kusubiri. Mama hakuniuliza mengi. Aliniuliza mara moja tu kama kweli chuo kimenituma nyumbani kutafuta swali, na nilipokubali akanyamaza, kisha akasema yeye maswali anayo ya kutosha, ningetaka angenigawia. Ndani ya nyumba kulikuwa na maharage ya mbegu na debe la mahindi, basi. Nikachukua jembe nikaingia kibaruani.

Tulikuwa wanawake watupu tukipalilia maharage ya mtu, tunalipwa kwa kipande. Wengi ni wa umri wa bibi yangu, na walinicheka walivyotaka: msomi anakata maharage pamoja na magugu. Mchana tulipoketi kivulini, nikalalamika kwamba nina njaa. Bibi mmoja akacheka mpaka akakohoa.

"Hii si njaa, mjukuu wangu. Njaa ilikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji."

"Ile haikuwa njaa," mwenzake akamkatiza. "Ile ilikuwa hasira."

Wakaanza kubishana. Nani alihamishwa kabla ya mvua na nani baada. Nani aliacha mtama haujakomaa. Mama mkwe wa nani alikataa kutoka ndani mpaka wakaezua nyasi juu yake. Nilikuwa nimezunguka kijiji kizima nikiomba watu maneno kwa barua, na hapa yalikuwa yanamwagika bila muhuri, bila fomu, huku wakimenya viazi. Hakuna aliyemwogopa mtu. Kuhamishwa mwaka 1974 ni jambo linalothibitisha kwamba ulikuwepo hapa mwaka 1974. Kwa watu walioishi na hofu ya kuulizwa wametoka wapi, huo ulikuwa ushahidi karibu sawa na cheti cha kuzaliwa. Hilo nililiona baadaye. Siku ile niliona tu kwamba wanaongea.

Historia ya uhamisho huo inafahamika kwa jumla. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 wote wawe wamehamia. Mwaka 1977 serikali ilihesabu zaidi ya watu milioni 13 katika vijiji. Mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi wakati huo. Jina la Kagera lilikuja 1979. Kule Bukoba, kwenye vibanja vilivyoshikana tangu enzi, wengi hawakusogezwa mbali. Huku kwetu watu walikaa kwa kutawanyika, mji mmoja huku, mwingine ng'ambo ya bonde, na ndio waliobebwa kupelekwa barabarani. Mpaka leo ukipita porini utakuta uzio wa minyaa umesimama mraba na ndani hamna nyumba. Ni mahame. Tulichunga mbuzi humo utotoni bila kuuliza ni ya nani.

Kwa hiyo mada ya tatu ikawa ardhi ya mahame, na hapo nusura nizame tena. Mtendaji wa kijiji, kijana mwenye subira, alinikalisha ofisini. "Dada yangu," akasema, "ukianza kuuliza shamba fulani lilikuwa la nani kabla ya Operesheni, wewe utapata shahada, mimi nitabaki na kesi." Alikuwa na haki. Sheria Na. 22 ya 1992 ilijaribu kufuta haki za kimila za watu waliohamishwa. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika kesi ya Lohay Akonaay, ikasema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, na Katiba inailinda. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa kati ya Januari mosi 1970 na Desemba 31, 1977. Aliyepewa shamba mwaka 1974 analindwa, lakini mjukuu wa aliyekuwa nalo kabla anaupita uzio wa minyaa wa babu yake kila siku akienda kisimani. Ukienda hapo na daftari, kila anayekujibu anaongea na hakimu aliyeko nyuma yako.

Tena kulikuwa na hili. Kila nilipotaja ardhi, nyumba ilimwita mwanamume. Mke alileta kigoda, akaweka maji, akatoka. Wale wale waliokuwa wameniangushia historia nzima kivulini walikuwa sasa wananipitisha kwa waume zao, na waume zao walikuwa wananisomea hati.

Nikampigia msimamizi simu na mada iliyokuwa imeshaulizwa shambani kabla yangu: mlikula nini mwaka ule?

Alikaa kimya kidogo. Nilidhani salio limekwisha.

"Nani atakujibu?"

"Wanawake waliokuwa wameshaolewa mwaka 1974."

"Wapo wa kutosha?"

"Wa kuwafikia kwa miguu, wapo."

"Na utajuaje wanakumbuka sawasawa? Miaka zaidi ya arobaini."

"Migomba," nikamwambia.

Hili ndilo jibu pekee katika masomo yangu yote ninalojivunia, na lilinitoka bila kusoma popote, kwa sababu nimekulia kwenye migomba. Chipukizi la mgomba ukilipanda leo, mkungu wa kwanza utauona baada ya mwaka mmoja, hata mmoja na nusu. Muhogo unataka karibu mwaka. Viazi vitamu miezi minne, mitano. Maharage mitatu. Majani ya maboga wiki chache. Mtu akikuambia alihamia kipindi cha kiangazi na Krismasi akala ndizi za shamba lake jipya, ama amechanganya miaka, ama ndizi zile zilitoka kwingine. Mimea ina kalenda isiyosahau. Ungeweza kuupima usimulizi kwa chakula, hatua kwa hatua, na pale usipokaa sawa ndipo penye habari.

"Andika hivyohivyo ulivyosema," akaniambia. Akaipunguza mwenyewe safari hii: kaya za kijiji kimoja, kuanzia 1974 hadi 1976, basi. Akanielekeza nitafute kazi za mwaka 1968, pale John Iliffe na Gilbert Gwassa walipowatuma wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam wakati wa likizo waende kwa wazee kukusanya kumbukumbu za vita vya Majimaji. Maandiko yao yalikusanywa pamoja mwaka uliofuata, na wasomi bado wanayarejea. Vijana wa rika langu, wengine hawajahitimu, waliuliza wazee walio hai kabla hawajaondoka. Niliposoma nilipata nguvu ambayo sikuipata kwenye kitabu chochote cha mbinu za utafiti.

Andiko lilipita. Sitajifanya kwamba baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Niliendelea na kibarua asubuhi na kuuliza jioni. Kinasa sauti kilikuwa simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Walisema kwa Kishubi, niliandika kwa Kiswahili, tasnifu ilidaiwa kwa Kiingereza, na kuna mambo yaliyodondoka katika kila kivuko. Bibi mmoja niliyemtegemea alifariki kabla sijarudi kwake mara ya pili.

Lakini waliongea. Jambo kubwa walilonifundisha lilihusu mbolea. Nilidhani waliohamishwa walipoteza migomba tu, kwamba ungeng'oa machipukizi ukayahamisha na wewe. Wengi walifanya hivyo, na machipukizi yakadumaa. Shamba la migomba la kale linalishwa miaka na miaka na samadi, majivu, maganda na takataka za jikoni. Udongo wake mweusi umetengenezwa na mama, bibi na mama wa bibi. Huo haubebeki kichwani. Kando ya barabara walipewa ardhi nyekundu iliyopimwa kwa kamba. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ulikuwa wa majani na maharage, kisha viazi, kisha kungoja. Wengine walitaja unga wa njano wa msaada, ule ambao watu waliuita Yanga, na uso wa aliyeutaja ulikunjamana kana kwamba bado uko kooni.

Waume, waliojitetea kwamba mambo ya chungu hawayajui, walikumbuka jambo moja kwa uhakika usiotikisika: pombe ya ndizi ilikauka lini na ilirudi lini. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu bila rubisi hakuna posa inayokwenda wala matanga yanayoisha vizuri. Mmoja alinitajia harusi iliyoahirishwa mpaka mkungu wa kwanza. Nilipopiga hesabu ya miezi, iliangukia palepale migomba ilipotaka.

Na ndizi zile za Krismasi? Zilitoka mahameni. Walirudi alfajiri, wanawake wawili watatu pamoja, wakavuna migomba yao wenyewe kama wezi, wakaifunika mikungu kwa kuni wakarudi barabarani kabla hapajakucha. Walionisimulia hilo walishusha sauti, kisha wakacheka sana. Waliolikana walilikana kwa ukali.

Tasnifu nikaiwasilisha, nikahitimu na wenzangu. Alama ilikuwa nzuri, haikuwa ya ajabu. Mtahini mmoja aliandika pembeni kwamba sampuli ni ndogo. Mdogo wangu akaenda kidato cha tano muhula uliofuata kwa posho yangu ya kujitolea shuleni.

Nilirudi Nyarubungo na nakala moja, nikawasomea wanawake wa kibarua, nikitafsiri njiani. Walisikiliza kwa heshima mpaka nilipofika kwenye ndizi za alfajiri. Bibi aliyeketi karibu na mlango akainua mkono. Yeye hakuwahi kwenda mahameni kuvuna usiku, akasema, wala familia yao haikuwa na njaa ya kiasi hicho, na aliyenipa habari hizo aje aseme mbele yake. Aliyenipa habari hizo alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake. Akamjibu: "Kuni ulizokuwa ukibeba alfajiri zilikuwa zinavuja utomvu wa ndizi, mama." Mama yangu akaingilia kwamba mwaka huo yeye alikuwa mtoto lakini anakumbuka kula ndizi, na alikula nyumbani kwa huyo huyo anayekana. Wakaniambia niweke kalamu tayari, kwa sababu ukurasa ule ulikuwa haujakamilika.